Mashine Isiyojua Salamu

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Mvua tangu alfajiri. Paa la ofisi linavuja juu ya meza yangu tu. Meza za wengine kavu kabisa. Sikulalamika. Nilisogeza ndoo.

Mama Françoise, mkurugenzi wetu, alituita asubuhi. Habari tatu. Ya kwanza: Ijumaa toleo jipya la programu yetu lazima liwe kwenye simu za manesi, Punia, Kampene, Kibombo, kote wanakochanja watoto. Ya pili: paa litatengenezwa. (Ilisemwa pia mwaka jana.) Ya tatu aliisema akitazama dirisha: mwisho wa mwezi ataangalia upya nafasi ya mtu wa taarifa.

Mtu wa taarifa ni mimi, Onema. Miaka kumi na moja hapa. Zamani manesi walipiga simu, nikaandika kwenye daftari, nikapita meza hadi meza kuwaambia vijana kilichoharibika. Sasa kuna mashine. Imekaa pembeni chini ya kitambaa, inanguruma kama friji. Joël na Nicole, waandishi wetu wa programu, wakimaliza kipande cha kazi, mashine inakiunganisha na vingine, inakijaribu, kisha yenyewe inawatumia watu barua pepe: kazi imepita, au imekataliwa. Haihitaji mtu wa kuzunguka.

Joël alinikumbusha hilo mbele ya wote. "Papa Onema, mashine haiumwake magoti!" Ana miaka ishirini na sita na kompyuta yenye taa chini ya vitufe. Nilicheka pamoja nao. Magoti yaliuma.

Nikiondolewa hapa sitakufa njaa. Shida ni nyumba. Tangu Odette wangu afariki, mwezi wa kumi, nyumba imebaki na viti vinne na mimi. Jioni naiweza. Mchana kutwa, hapana.

Kwa hiyo, mpango! Leo nimeiona barua ya mashine kwenye simu ya Nicole. Maneno mawili ya Kiingereza, rangi nyekundu, na chini jina lake, kana kwamba ameiba mbuzi. Alikuwa hajakaa hata kwenye kiti. Aligeuza simu kifudifudi, akabaki amesimama na mwavuli mkononi. Hata salamu hakuna!

Mimi nimeshapeleka habari mbaya kwa watu wengi kuliko mashine hiyo. Nitaifundisha. Na nani humfukuza mwalimu katikati ya mwaka?

Jumanne, tarehe 5

Nilimwomba Nicole aniruhusu kubadili maneno ya mashine. Nilimpelekea karanga za kuchemsha. Akasema hata bila karanga angeniruhusu, lakini alizimaliza.

Alinifungulia faili. Kumbe barua imeandikwa pale kama fomu ya serikali. Penye jina la mtu kuna alama ya dola na neno kwa herufi kubwa, na mashine inaweka jina lenyewe. Kuna mahali pa kuchagua nani apokee. Kuna mahali pa kuchagua barua isubiri muda gani kabla ya kwenda. Utajiri wote huo, na wao walikuwa wanatuma maneno mawili!

Onyo moja tu la Nicole: usiguse alama ya dola.

Niliigusa. Ilikuwa imebanana vibaya na neno la mbele yake, nikaifuta. Saa tano barua yangu ya kwanza ikatoka, kwa wote, mpaka kwa mfadhili wetu Kinshasa: "Ndugu JINA, Mungu akulinde. Kazi ya JINA imepita salama. Tusalimie nyumba ya JINA."

Tangu saa tano na dakika moja Joël ananiita Papa JINA. Mfadhili naye amejibu kwa heshima, anauliza huyo JINA ni nani, na kama yumo katika orodha ya wafanyakazi tuliyompelekea.

Hata hivyo Mama Françoise hakukataa mpango. Alisema barua ina adabu. Nirekebishe, na nisimguse tena mfadhili. Nimerekebisha. Mgongo unaniuma kwa kuinamia kitu kidogo kama nukta.

Jumatano, tarehe 6

Leo nimeweka utaratibu wote, vijana walipokwenda kula.

Ni utaratibu wa phonie. Miaka ya vita, mji ulipozungukwa na watu hawakuweza hata kwenda shambani, nilikuwa mtu wa phonie, ile redio kubwa iliyofungwa kwenye betri ya gari, chumba cha nyuma cha duka la Mzee Amuri. Reli ilikuwa imekatika. Barua hakuna. Watu walipanga mstari, kila mmoja na namba yake kwenye karatasi, na habari ya Kindu yote ilipita mdomoni mwangu. Nyingi zilikuwa za aina moja. Mzee Amuri alinifundisha kuzipitisha kama wakubwa wetu walivyozipitisha kwa miguu.

Hatua ya kwanza, salamu. Unauliza watu, mvua, mihogo. Huongezi kitu. Ya pili: fulani hajisikii vizuri. Ya tatu: hali si nzuri, jiandaeni. Ya nne haipiti redioni kabisa. Inabebwa na mtu, na si mtu yeyote: ni mjomba, ndugu wa mama, au aliye karibu kama mjomba. Huyo anakuja, anakaa chini, anasema. Wengine wakijua wananyamaza. Hata wakijua kila kitu.

Odette aliniletea mahindi pale kila mchana. Bila chumvi, maana chumvi ilikuwa imekwisha mjini. Siku moja akaja nayo, kidogo sana, imefungwa ndani ya kipande cha karatasi. Hakusema ameipata wapi. Tuliilamba kwa kidole, zamu kwa zamu, huku Punia inaita redioni: "Kindu, Kindu, unanipata?" Wacha waite kidogo, alisema.

Basi. Sasa mashine ikipitisha kazi ya mtu, inambariki mara tatu. Ikiikataa, mtu huyo anapokea barua tatu za upole, moja baada ya nyingine. Barua ya nne, yenye ukweli wote na namba ya mstari ulioharibika, inakwenda kwa mjomba wake, ili aje amwambie. Nyekundu nimeiondoa. Nimeweka rangi ya majani.

Shida ilikuwa wajomba. Nilichora ukoo wa ofisi nzima kwenye karatasi. Wa Joël ni Dieumerci, dereva wetu wa pikipiki, anayepeleka simu vituoni: mama zao ni wa kijiji kimoja huko Kibombo, na Joël humwita mjomba kila anapotaka kubebwa. Ndugu za Nicole wote wako Kabambare. Nikajiandika mimi.

Jaribio la kwanza lilikuwa saa nane. Mashine ikakataa kazi ya Nicole. Barua ya nne ikanifikia. Nilikwenda mezani kwake, nikakaa, nikamuuliza mama yake, nikamuuliza mvua, kisha nikamwambia polepole kwamba ile kazi yake ya mchana haikuamka. Nicole alicheka mpaka akaziba mdomo. Akarekebisha kwa dakika kumi. Alisema ni mara ya kwanza kosa halikumuumiza tumbo.

Mama Françoise alikuwa mlangoni, ameona yote. "Papa Onema, hii njo kazi ya muntu." Maneno yake hasa!

Katika jaribio niliweka dakika tano kati ya hatua na hatua. Dakika tano ni kumsukuma mtu. Nimeweka saa moja.

Alhamisi, tarehe 7

Dieumerci ameondoka kwenda Punia na mzigo wa simu chini ya turubai. Nilimwambia asisahau kwamba yeye ni mjomba. Akauliza mjomba wa nini. Nilimweleza, lakini alikuwa amekwisha washa pikipiki. Alitikisa kichwa kwa namna ya kukubali.

Joël analalamika. Anasema kazi yake imepita leo na amepata barua tatu za baraka, na hana muda wa kubarikiwa mara tatu. Yeye husoma barua ya kwanza tu. Alinieleza kama anayemweleza mtoto: "Nikiona nyekundu, ninarekebisha. Nisipoona nyekundu, ninatuma kwa manesi. Njo hivyo tu, Papa."

Nimeliandika hapa kama mfano wa malezi ya siku hizi.

Ijumaa, tarehe 8

Siku ya Wanawake. Mji mzima wa akina mama uko barabarani kwa vitenge vya sare, fanfari ya tarumbeta mbele. Mama Françoise na Nicole wako kwenye gwaride. Ofisini mimi na Joël. Mimi na ndoo pia.

Saa tatu Joël aliipa mashine kipande cha mwisho cha toleo jipya. Saa tatu na dakika kumi mashine ikakikataa. Nilijua, kwa sababu ukutani, nyuma ya kiti cha Joël, kuna kioo cha mashine chenye taa ndogo, na ile taa haijui adabu.

Joël akapata barua ya kwanza. Aliisoma kwa sauti, akiniiga: "Ndugu Joël, habari ya asubuhi. Mashine imepokea kazi yako kwa mikono miwili na inakuuliza hali ya nyumbani." Akasema nyumbani hawajambo. Akatuma toleo kwa manesi wote wa jimbo, akavaa kofia, akaenda kuangalia gwaride.

Nifanye nini? Mimi si mjomba wake! Aliyepaswa kusema ni Dieumerci. Nilitoka nikamfuata Joël mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa stesheni. Nilimnunulia chai. Nilimuuliza mama yake. Akasema hajambo. Nikamuuliza tena. Akaniangalia kwa mashaka, akauliza kama nina homa.

Saa nne na dakika kumi simu yake ikalia: "Ndugu Joël, kazi yako haijisikii vizuri." Hakuisoma, fanfari ilikuwa inapita. Saa tano na dakika kumi: "Hali si nzuri. Jiandae." Aliifuta. Saa sita na dakika kumi ukweli wote ulikwenda kwa Dieumerci, aliye msituni njia ya Punia, pasipo rezo ya simu.

Nilirudi ofisini nikakaa. Nilijiambia pengine ni kosa dogo. Phonie ilinifundisha kwamba halikuwa dogo hata mara moja.

Jumamosi, tarehe 9

Si dogo.

Josiane, nesi wa Kampene, amempigia Mama Françoise alfajiri. Watoto wake wote, mia mbili na kitu, programu inasema wamezaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza 1970. Wote. Na programu inakataa kuwapa chanjo ya watoto kwa kuwa ni wazee. "Mama, hapa iko mutoto wa miaka makumi tano na ine, ananyonya! Nimupe chanjo ao nimupe kiti?"

Mama Françoise alituita wote ofisini, siku ya mapumziko, nywele zake zingali na mapambo ya gwaride. Joël alionyesha simu yake: angalieni, barua ya kijani! Inauliza hali ya nyumbani! Nicole alitazama sakafu. Mimi nilieleza hatua. Mama Françoise aliuliza swali moja: je, nilijua tangu saa tatu na dakika kumi? Nilisema ndiyo. Aliuliza mbona sikusema. Nikasema sikuwa mjomba.

Joël alipiga ukelele. "Papa, ni mashine! Mashine haina mujomba!"

Hadi saa kumi wamelirekebisha. Manesi walikuwa wameandika kwenye karatasi, kama zamani, hakuna mtoto aliyekosa chanjo yake. Josiane amepiga tena kusema wazee wake wamerudi kuwa watoto. Nilikuwa nawachemshia chai. Hakuna aliyekunywa yangu isipokuwa Nicole.

Mtoto wa miaka hamsini na minne ni mdogo kwangu kwa miaka minne tu. Odette angecheka mpaka ashike ukuta.

Jumatatu, tarehe 11

Joël ameninyang'anya ufunguo wa faili, lile neno la siri alilonipa Nicole. Maneno mawili mekundu yamerudi.

Saa nne mlango ukafunguka, akaingia Dieumerci. Matope mpaka kwenye nyusi. Ile barua ya nne ilimkuta Ijumaa jioni juu ya kilima penye rezo, na yeye, mtu mwaminifu, aligeuza pikipiki. Siku mbili na nusu, amekatikiwa na mnyororo mara mbili, hajafika Punia, simu zote bado ziko chini ya turubai. Alikwenda moja kwa moja kwa Joël. Alivuta kiti. Alivua kofia.

"Joël, mwana wa dada. Mama yako iko muzima?"

Joël alisema ni mzima, na kosa limerekebishwa tangu Jumamosi, kila mtu anajua.

"Ngoja. Sijafika pale. Mvua huku kwenu inanyesha?"

Joël alitoka nje. Dieumerci alibaki na kofia mkononi, akaniuliza amekosea wapi. Nilimwambia hajakosea mahali popote. Ilikuwa kazi safi. Machozi yalinilenga.

Mama Françoise aliona yote kupitia mlango ulio wazi. Alisema ataongea nami baadaye. Hakusema lini.

Jumanne, tarehe 12

Nicole alikuja mezani kwangu na ndizi mbili. Akakaa. Aliuliza nyumba inaendeleaje. Aliuliza kama mvua inaingia na kwangu. Aliuliza watoto wangu walioko Lubumbashi. Kila jibu langu alilitikisia kichwa muda mrefu, akishika ndizi asiyoimenya. Kisha akasema basi, akaondoka.

Nilijua kabla hajakaa. Hatua ya kwanza.

Nimefukuzwa.

Jumatano, tarehe 13

Hatua ya pili nimeletewa na Dieumerci, amelazimishwa, maskini. Alisimama karibu na ndoo, akitazama paa. Alisema ile nafasi yangu, Papa, naona haijisikii vizuri.

Nilimwambia asitazame paa. Mtazame mtu mikononi, hapo hapakuumizi wewe wala yeye. Na usisimame, kaa. Alikaa, akarudia, akitazama mikono yangu. Safari hii ilikuwa nzuri. Nilimshukuru. Alifuta uso akasema ni jasho.

Alhamisi, tarehe 14

Ya tatu, Mama Françoise mwenyewe. Alipita na faili kifuani, akasimama nusu, akasema Papa Onema, hali si nzuri, labda ni vema kuwa na mtu wa familia karibu siku hizi. Akaenda haraka.

Joël amesikia. Anauliza wenzake kwa nini mkurugenzi asimpe mzee barua yake ikaisha. Jibu ninalo mimi.

Françoise alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili kwenye mstari wa phonie. Namba yake ilikuwa thelathini na moja. Alikuja kumuuliza baba yake aliyekwenda Kampene. Mimi nilikuwa nimekwisha pokea habari ya baba yake asubuhi. Nilimuuliza mvua. Nilimuuliza mihogo. Nilimpa mahindi yangu, nikamwambia arudi nyumbani, kuna mgeni atafika. Mjomba wake alifika kesho yake. Hajawahi kulitaja jambo hilo ofisini hata siku moja, na aliponiajiri hakuuliza diploma.

Hawezi kuniambia. Ametafuta mjomba.

Na mjomba wangu wa damu alikwisha fariki. Aliyebaki karibu ni mmoja tu: Édouard, shemeji yangu, kaka yake Odette, mkulima wa Tunda. Nimeuliza kwa ujanja. Dieumerci amekiri. Walimpigia jana.

Ijumaa, tarehe 15

Sikufanya kazi leo. Nilipanga karatasi zilizopangika.

Nitaandika hili mara moja. Odette alipokuwa hospitali, asubuhi ile jirani alikuja akauliza kama nimekunywa chai. Baadaye dada wa kanisani akasema mgonjwa hakulala vizuri. Saa nne mwingine akasema nijiandae. Nilijua vizuri kabisa. Hatua tatu nimezitoa mimi mwenyewe kwa mamia ya watu. Na Édouard alikuwa mjini siku ile.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Nilikwenda kutafuta sukari. Sukari ilikuwapo duka la jirani, lakini nilikwenda soko la mbali, kisha nikavuka mto mpaka Alunguli kuulizia sukari ya huko. Édouard alinitafuta mpaka saa kumi jioni. Mpaka saa kumi mke wangu hakuwa amefariki. Nilipata saa sita zaidi naye. Alinikuta gatini na kilo mbili za sukari, akaketi kwenye ukingo wa mtumbwi, akasema.

Hakunilaumu. Wala mimi sikujuta.

Basi utaratibu ni wazi. Hatua ya nne isiposemwa, jambo bado halijatokea. Mimi ni mtu wa taarifa hadi Édouard akae chini na kufungua mdomo. Hawezi kufika kabla ya kesho.

Mpango!

Jumamosi, tarehe 16

Amefika saa tano, na kuku na gunia la mihogo. Amekonda. Nilimkumbatia, na kabla hajakaa nikamwambia kuku wake ni mkubwa ajabu, tumchinje sasa hivi, ashike miguu.

Alipomaliza kunawa akasafisha koo. "Shemeji..." Nikauliza magonjwa ya mihogo ya Tunda. Hilo lilimchukua saa moja.

Alisafisha koo mara ya pili wakati wa kula. Nilimwongezea wali. Mtu hawezi kusema jambo zito na mdomo uliojaa wali. Mara ya tatu nilimwongezea paja. Alinitazama kwa huzuni. Alikula paja.

Jioni tulikaa barazani. Nilimweka kwenye kiti kilicho mkabala na barabara, ambako kila anayepita lazima asalimiwe. Watu thelathini na wanne wamepita. Mtaa wetu ni mzuri.

Jumapili, tarehe 17

Kanisani hawezi kusema. Baada ya kanisa nilialika wanakwaya wanane. Alisafisha koo mara mbili, wakadhani anaanzisha wimbo, wakamfuata.

Ana sauti ya dada yake pale chini chini. Sikuwa nakumbuka.

Jumatatu, tarehe 18

Niliondoka nyumbani kabla hajaamka. Nimemwachia chai chini ya sahani, na maandishi kwamba nyanya ziko nyuma.

Saa mbili kasoro nilikuwa mezani kwangu. Ndoo mahali pake. Joël aliingia, akasimama, akauliza ninafanya nini hapa. Nikasema kazi. Akaniuliza kama sijaambiwa. Nikamuuliza kuambiwa nini. Alifungua mdomo. Nicole akamkanyaga mguu, nimeona.

Mama Françoise alifika saa mbili na nusu. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi. Aliuliza kama shemeji amefika. Nikasema amefika Jumamosi, anakula vizuri. Aliuliza kama tumeongea. Nikasema sana! Juu ya mihogo. Aliuliza kama hakuniambia jambo jingine. Nikasema kila akitaka kusema kuna wali.

Alinitazama. Nilimtazama mikononi. Mikono yake ilikuwa imeshika bahasha nyeupe, na bahasha ikazungushwa mara tatu, nne. Kisha akaingia ofisini kwake nayo. Saa tatu alituma Dieumerci aniambie kwamba, maadam niko hapa, mwenye kutengeneza paa atakuja leo na mtu wa kumsimamia anahitajika.

Nilimsimamia. Paa limezibwa. Sasa linavuja juu ya Joël.

Nyumbani nimemkuta Édouard amefagia uwanja. Anasema hawezi kurudi Tunda bila kumaliza jambo lililomleta, amewaahidi watu. Nikamwambia hakuna haraka, shemeji, mahali pa kulala papo. Nimenunua mchele mwingine.

Mchana nilimpelekea Nicole karanga. Nilimwambia nimetafakari sana wiki nzima na nimeuona udhaifu wa utaratibu wangu, nao uko peupe: hatua nne ni chache mno. Ndiyo maana watu wanashtuka. Nimemwandikia saba. Alizisoma zote, akimenya karanga. Akasema Joël amebadili ufunguo wa faili, lakini wa mashine ya akiba, inayotuma barua hii ikizimika, bado ni ule ule.